Mkono wa Haguswi

Jina lake halisi nalijua, lakini kazini hakuna aliyelitumia, na hata mkewe alimwita baba watoto, basi na mimi naliacha lilipo. Sisi tulimwita Haguswi. Alikuwa fundi wa lipu na rangi, mwembamba, shingo ndefu, na mwiko wake aliusugua kila jioni mpaka ukang'aa kama kijiko cha mgeni. Ukisikia habari za mtu ambaye ajali zote zimempita pembeni, unaweza kudhani ni jitu lenye kifua kipana na maneno makubwa. Hapana. Haguswi alikuwa mtu wa kubisha hodi hata kwenye mlango wake mwenyewe.

Nilifanya naye kazi miaka mingi. Mimi nilikuwa chini nachanganya mchanga na saruji, yeye juu. Na ukiwa chini ndipo unapoona vizuri nani anakanyaga wapi, nani anajisahau, nani kaamka na hasira za nyumbani. Kwa hiyo naona niandike mimi, ingawa kalamu na mimi tuliachana mapema.

Ya kwanza aliyonisimulia ni ya lori. Alikuwa bado hajaoa, amepanga chumba kimoja chini ya mteremko, ukuta wa nyuma unatazama barabara. Alfajiri moja tumbo likamsumbua, akachukua kopo la maji akaenda chooni uani. Akiwa huko akasikia kishindo, nyumba nzima ikatetemeka. Alipotoka akakuta kichwa cha lori lililojaa matofali kimeingia chumbani kwake na kulala juu ya kitanda, taa moja bado inawaka. Dereva, naye mzima, amekaa nyuma ya usukani anamtazama.

“Samahani, kaka,” dereva akasema. “Hapa ni wapi?”

“Hapa ni kwangu,” Haguswi akajibu. “Karibu.”

Ya pili mashahidi wake ni mtaa mzima. Alikuwa ameoa tayari. Jioni moja anarudi kutoka kibaruani, begani kabeba kopo kubwa la rangi nyekundu ya mafuta, ile ya kupaka mabati. Kwenye kichochoro wakamtokea vijana wawili, mmoja na panga. Hakuulizwa kitu. Panga likashuka, likalipata kopo. Kopo likapasuka, rangi ikammwagikia kichwani, usoni, kifuani, mpaka kwenye viatu. Yule asiye na panga akapiga kelele, “Umeua! Umeua, mjinga wewe!” Wakatimua mbio, panga wakaliacha chini.

Akaenda nyumbani hivyo hivyo. Mkewe alipofungua mlango alitoa ukelele uliokusanya majirani wote, na majirani wakaja na khanga, na maji, na mafuta ya taa, wakamlaza mkekani wakaanza kutafuta jeraha. Walifuta kichwa, hakuna. Walifuta shingo, hakuna. Kadiri walivyofuta ndivyo walivyokosa. Jirani mmoja, mama aliyekuwa amechana khanga yake nzuri kwa ajili ya kumfungia, akauliza kwa masikitiko kidogo, “Hata mchubuko?”

“Hata mchubuko, dada,” Haguswi akasema. “Nisamehe.”

Hii ya tatu niliiona kwa macho yangu. Tulikuwa tunamalizia jengo la ofisi. Jukwaa letu lilikuwa la miti iliyofungwa kwa kamba, na mbao za kukanyagia. Yeye yuko ghorofa ya tatu. Asubuhi ile lori la mchanga lilikuwa limekuja, na dereva akaumwaga mchanga karibu na ukuta badala ya pale nilipomwonyesha. Nikamsema dereva yule, nikamsema na ukoo wake, akaondoka zake. Haukupita muda ubao ukakatika juu. Nikaona miguu ya Haguswi hewani, kisha nikaona vumbi. Alikuwa ameangukia katikati ya ule mchanga. Tulimkimbilia tukiwa tumeshaandaa nyuso za msiba. Akainuka, akainamisha kichwa upande mmoja mchanga ukatoka sikioni, akauliza, “Mwiko wangu uko wapi?”

Siku hiyo ndipo alipopata jina.

Na siku hiyo pia, wakubwa waliogopa, wakatuletea mikanda ya usalama. Ni mikanda mipana inayopita kiunoni na mabegani, ina kamba nyuma yenye ndoana, unaifunga kwenye mti imara wa jukwaa. Ukianguka, unaning'inia. Mafundi waliivaa kwa muda, kisha wakaanza kunung'unika. Inabana, inachelewesha, ukitaka kusogea lazima ufungue ufunge upya, na lipu haimsubiri mtu. Mmoja mmoja wakaiacha stoo. Haguswi peke yake ndiye aliyeendelea kuvaa. Anafunga, anavuta, anafunga tena. Wenzake waliliona jambo hilo kama tabia tu ya mtu, kama yule asiyekunywa chai ya moto.

Wakati wa chakula cha mchana tulizoea kukaa pamoja kwenye mifuko ya saruji. Mara moja aliniambia jambo ambalo nimelifikiria sana tangu hapo.

“Mzee, unajua kinachonichosha? Watu huniuliza nilifanya nini mpaka nikapona. Wengine wanataka niwaambie nilivyosali, wengine wananitazama kama nimefunga kitu kiunoni. Sasa mimi niseme nini? Lori lilipokuja, mimi nilikuwa chooni.”

“Si ndiyo bahati yenyewe?” nikamwambia.

“Labda. Lakini bahati ikiwa ni yangu, mbona sijui ilipo? Mfuko wangu naujua, mwiko wangu naujua. Hii sijawahi kuishika.”

Akatafuna kwanza mkate wake, halafu akaongeza, “Naiogopa kidogo.”

Nadhani hapo ndipo tulipopishana na Haguswi sisi wengine wote. Yeye aliiogopa bahati yake. Wenzake waliipenda, tena wakaanza kuitumia.

Ilianza kama mzaha. Kulikuwa na fundi tuliyemwita Redio, kwa kuwa ukimkuta asubuhi anaongea, jioni utamwacha anaongea. Siku moja kabla ya kupanda akampiga Haguswi begani, akasema, “Nimejichaji.” Watu wakacheka. Kesho yake wawili wakafanya hivyo. Baada ya muda kikawa ndicho kitendo cha asubuhi: unakunywa chai, unavaa ovaroli, unamgusa Haguswi bega, unapanda. Asiyegusa aliambiwa arudi aguse kwanza asije akawaletea balaa. Na mtu akishagusa, mkanda wa nini? Msimamizi wetu alikuwa na macho na aliona, lakini kazi ilikuwa inakwenda haraka, na kazi ikienda haraka yeye husifiwa.

Haguswi alikuwa anasimama tu, bega limechafuka kwa viganja vya watu, anatabasamu kwa aibu. Angewakatalia vipi? Ilikuwa ni upendo pia.

Halafu akaja shemeji yake.

Mke wa Haguswi alikuwa na mdogo wake wa mwisho, ambaye mama yao alifariki akimwacha bado ananyonya. Dada mtu ndiye aliyembeba mgongoni, ndiye aliyemfundisha kutembea, yeye mwenyewe akiwa bado msichana. Sasa amekuwa mwanamume mwenye ndevu zake, amejaribu kazi hii na ile, hakuna iliyomkaa. Mwisho dada akamwambia mumewe amchukue ujenzini. Siku ya kwanza aliwasindikiza mpaka getini, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Nilikuwa pale nachekecha mchanga.

“Baba watoto,” alisema, “huyu kwako ni shemeji, kwangu mimi ni mtoto wangu wa kwanza. Nakupa akiwa mzima. Nirudishie mzima.”

“Dada, mimi siyo sahani,” yule mdogo mtu akasema.

“Nyamaza. Sahani inanisikia kuliko wewe.”

Shemeji alikuwa mwepesi, mcheshi, kazi aliijua upesi. Lakini alikuwa na ugonjwa ule ule wa wenzake, tena kwake ulikuwa mkali zaidi, maana wenzake walimgusa Haguswi asubuhi tu, yeye alikula naye, alirudi naye, alilala ukuta mmoja naye. Mkanda hakuutaka hata kuuona. Akihimizwa anasema, “Mimi ni wa familia.”

Siku niliyoielewa hatari yenyewe tulikuwa kwenye jengo jipya, refu kuliko yote tuliyowahi kufanya. Walikuwa ghorofa ya tano. Shemeji alitaka kuifikia kona juu ya dirisha. Badala ya kuhamisha ubao akajinyoosha, mguu mmoja kwenye ubao, mwingine hewani. Ubao ukacheza. Kutoka chini nikaona mwili wake ukiondoka. Haguswi alikuwa karibu, amejifunga mkanda wake, akajitupa mbele akamshika kwa ukanda wa ovaroli, wakabaki wamening'inia wote wawili kwenye kamba moja mpaka wenzao wakawavuta. Ndoo ya shemeji ilinishukia, ikapasuka hatua chache kutoka miguuni pangu.

Nilidhani kijana atashuka analia. Alitoa kichwa kwenye ukingo wa jukwaa, anacheka meno yote nje.

“Si niliwaambia? Nikiwa na shemeji sianguki!”

Na jukwaa zima likapiga makofi. Redio akaimba kabisa. Nikamtazama Haguswi. Alikuwa amekaa kwenye ubao, kashika mti kwa mikono miwili, uso umekuwa wa majivu. Alikuwa ameona jambo ambalo wao hawakuliona: kwamba kila atakapomwokoa mmoja, wengine watazidi kulegea. Na siku moja atakuwa upande wa pili wa jengo.

Mchana ule aliwakusanya. Kwa mtu mpole kama yeye, kusimama mbele ya watu kulikuwa kama kupanda bila ngazi.

“Jamani, nawaomba. Vaeni mikanda. Mimi sina kitu. Kilichotuzuia leo ni mkanda, siyo mimi.”

“Anajishusha huyo,” Redio akasema. “Mtu mwenye pesa ndiye anayesema hana pesa.”

“Redio, nisikilize. Nina watoto, siwezi kukudanganya.”

“Kaka, wewe ulianguka kutoka ghorofa ya tatu ukaulizia mwiko. Wewe ukituambia tuogope ni kama samaki anatuonya kuhusu maji!”

Walicheka mpaka chai ikamwagika. Shemeji alicheka kuliko wote.

Akaenda kwa msimamizi. Msimamizi alimwonyesha maandishi yaliyopakwa ukutani kwa rangi nyeusi: VAA MKANDA. “Nimeandika,” akasema. “Niwavalishe kama watoto wa shule?”

Nyumbani hakumwambia mkewe habari ya ghorofa ya tano. Angesema nini? Kama angemwondoa shemeji kazini, angebaki Redio, wangebaki wengine, na wao pia ni wadogo wa watu. Akafikiri labda asipokuwepo watavaa. Akajisingizia homa, akabaki nyumbani siku nzima. Jioni nikapita kumjulia hali.

“Walivaa?” akaniuliza kabla sijakaa.

“Uliacha ovaroli yako imetundikwa kwenye msumari pale stoo,” nikasema. “Waligusa hiyo.”

Akafunika uso kwa viganja. Nilidhani analia, kumbe anacheka, halafu sikuwa na hakika tena ni kipi.

Yaliyofuata niliyapata baadaye kwa mkewe, na yeye si mtu wa kuongeza chumvi. Anasema Jumapili moja mchana, watoto wako nje, aliingia jikoni akamkuta mumewe ameuweka mkono wake wa kulia juu ya kinu kilichopinduliwa, na mkono wa kushoto ameshika nyundo. Jasho linamtiririka.

“Unafanya nini?”

“Nataka kuumia,” akasema. “Lakini kila nikiinua, mkono unakimbia wenyewe.”

Mkewe akamnyang'anya nyundo. Akaketi chini, akataka aambiwe yote, na akaambiwa yote, pamoja na ghorofa ya tano. Kisha akasema maneno ambayo mimi huyahesabu kuwa ya akili kuliko yote yaliyosemwa katika habari hii.

“Kwani wanataka mkono uvunjike, au wanataka kuuona umevunjika?”

Nyumbani kwao kulikuwa na kiasi cha jipsamu, ule unga mweupe wa kutengenezea dari, uliobaki kwenye kazi fulani. Mkewe akachana shuka kuukuu vipande virefu. Wakakoroga. Mkono mmoja haujipigi lipu, kwa hiyo tabaka la kwanza alilifunga mkewe, kutoka kiganjani mpaka juu ya kiwiko. Hapo wangeacha. Lakini fundi ni fundi. Alipoona mabonde na mikunjo hakuweza kuvumilia, akachukua mwiko kwa mkono wa kushoto akaanza kusawazisha. Akapiga la pili. Lilipokauka akapiga msasa.

Kesho yake aliingia kazini na mkono umefungwa shingoni kwa kitambaa. Kelele zote zikafa. Hata Redio.

“Nini tena?” mtu akauliza.

“Nimeteleza bafuni,” Haguswi akasema. “Mfupa umevunjika.”

“Bafuni?”

“Bafuni. Kwa sabuni.”

Kama angesema gari limemgonga, nadhani wangepata njia ya kuligeuza liwe ushindi. Lakini sabuni! Mtu aliyelishinda lori, akalishinda panga, amevunjwa na kipande cha sabuni. Niliona nyuso zao. Walikuwa kama watu walioamka na kukuta paa limeondoka. Wakatazama juu kwenye jukwaa, ghorofa baada ya ghorofa, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu wanaliona lilivyo refu.

Hakuna aliyemgusa bega. Shemeji alisimama mbele yake, akanyoosha mkono, akaurudisha. Kisha, bila neno, Redio akageuka akaenda stoo. Wengine wakamfuata. Kukawa na vurugu, maana mikanda mingine ilikuwa imeota ukungu, miwili panya wameifanya kitanda, na iliyobaki haikuwatosha. Wakakataa kupanda mpaka iletwe mingine. Msimamizi alipiga kelele asubuhi nzima, mchana mikanda ikaja.

Mimi nilimsogelea Haguswi pale kwenye mchanga. Nimeona plasta za hospitali, mjukuu wangu alishavunjika mguu. Zina alama za bandeji, zina uvimbe hapa na pale. Hii ilikuwa nyoofu, laini, kona zimekatwa vizuri kama dari ya benki.

“Hospitali gani hiyo yenye fundi mzuri hivi?” nikauliza.

Akanitazama, macho yakimtoka. “Mzee, nihifadhi.”

“Nitakuhifadhi. Lakini kesho uichafue kidogo.”

Aliichafua. Na kwa kuwa mwenye mkono mmoja hawezi kupanda, msimamizi akamweka chini, kwangu, kuchekecha mchanga na kuwapimia wenzake rangi. Alidhani itakuwa kwa muda, mpaka mifupa “iunge”. Lakini siku zilivyokaribia akaanza kuwasikia wakinong'ona: Haguswi akipona atakuwa na nguvu zaidi, maana bahati yake imepumzika. Redio alishaanza kulalamika mkanda unamkata kwapa.

Plasta ilipotoka, mkono ukatoka umekauka kidogo, na haukuinuka. Akawaambia umeganda begani, hauendi juu ya kifua. Hospitali, alisema, wamemwambia ndiyo basi.

Hapo ndipo nilipomwelewa, na nilimwonea huruma. Kwa mtu mwingine kukaa chini ni nafuu. Kwa Haguswi, ukuta mrefu ambao bado haujapigwa lipu ulikuwa kama chakula kwa mwenye njaa. Alikuwa anakaa kwenye mchanga wetu, mkono umebanwa mbavuni, anatazama juu wenzake wakikosea.

“Mzee, iangalie kona ile. Imepinda.”

“Naiona.”

“Ningeinyoosha kabla ya chai.”

“Najua.”

Mchana kutwa hakuinua mkono ule, hata kujikuna kichwa. Hata mvua ikinyesha ghafla wengine wakijifunika kwa mfuko, yeye alijifunika kwa mkono mmoja, akalowa upande. Jina la Haguswi likafa polepole. Waliokuja wapya walimjua kama mzee mmoja wa mchanga mwenye mkono mbovu, na wale wa zamani walikuwa wakimpita kwa aibu, kama unavyompita mtu ambaye zamani ulimwomba vitu. Mara moja nilimuuliza kama hachoki.

“Nachoka,” akasema. “Lakini tazama.” Akanionyesha kwa kidevu. Juu kule mafundi walikuwa wamejipanga, kila mmoja na kamba yake nyuma. Shemeji alikuwa anafungua ndoana, anasogea, anafunga, anavuta kuhakikisha.

Masika yaliyofuata tulikuwa tunamaliza kazi nyingine. Mvua ilikuwa imelowesha kamba za jukwaa kwa siku nyingi, na kamba iliyokaa kwenye maji huoza ndani huku nje inaonekana nzima. Asubuhi moja yenye upepo nikasikia mlio wa kitu kukatika. Ubao wa ghorofa ya nne ukapinduka kama kifuniko. Aliyekuwa juu yake ni Redio na shemeji.

Walidondoka wote wawili, na wote wawili wakasimama hewani. Wakaning'inia kwenye mikanda yao, wanazunguka, Redio anamwita mama yake, shemeji kimya kabisa. Waliokuwa kwenye ubao wa juu wakatupa kamba nene, wakaanza kuwashusha. Redio alishuka kwanza, akakaa chini kwenye matope kama mzigo.

Kisha shemeji. Alikuwa anashuka huku akijipiga ukutani, miguu inatafuta mahali pa kukanyaga. Haguswi alitupa chekeche. Alikimbia, akasimama chini yake, akainua mikono. Yote miwili. Wa kulia ulikwenda juu kuliko wa kushoto, vidole vimetanuka, na bado alikuwa ananyanyuka kwa ncha za viatu. Akamkamata kiunoni, akamshusha kama unavyomshusha mtoto mezani, akaanza kumpapasa kichwa, mabega, mbavu, magoti, kwa mikono yote miwili.

“Umeumia wapi?”

“Sijaumia, shemeji.”

“Hapa je?”

“Hapana.”

“Hata hapa?”

“Hata hapo. Shemeji, sijaumia.”

Ndipo Haguswi akaitazama mikono yake. Akaurudisha ule wa kulia mbavuni polepole. Lakini tulikuwa tumeona, wote, wa juu na wa chini. Redio, kutoka kwenye matope, alikuwa ameukodolea macho mkono ule. Akafungua mdomo. Sisi tunaoujua mdomo ule tulisubiri. Shemeji akamtazama, mimi nikamtazama. Redio akaufunga.

“Nipeni maji,” akasema.

Jioni njia yetu ilikuwa moja. Wao walitangulia, mimi nyuma kidogo kwa ajili ya magoti yangu, lakini masikio yangu hayakuwa na tatizo.

“Dada anajua?” shemeji akauliza.

“Anajua nini?”

“Shemeji, usinifanye mtoto.”

Walitembea kidogo. “Plasta aliifunga yeye,” Haguswi akasema.

“Na bafuni?”

“Bafuni kwetu kunateleza kweli. Ila sikuanguka.”

Shemeji akacheka. Kile kicheko kikageuka njiani, akalazimika kusimama na kujifuta kwa mkono wa shati. “Umechekecha mchanga muda wote huo. Kwa ajili yangu.”

“Kwa ajili yenu. Wewe ndiye niliyekabidhiwa tu.”

“Basi kesho panda. Tumeshajua. Tutavaa.”

“Mtavaa wiki moja,” Haguswi akasema bila hasira yoyote. “Ya pili Redio ataanza kusema mkono uliovunjika umejiponya wenyewe kwa siku moja. Ya tatu mtakuwa mnanigusa. Nawajua, shemeji. Mimi mwenyewe ningekuwa ninyi ningegusa.”

Shemeji akaanza kutembea tena. Nadhani alijua ni kweli.

Sikujua asubuhi itakuwaje, nikawahi kufika. Redio alikuwa ameshafika kabla yangu, mkanda umefungwa mwilini hata chai hajanywa. Wengine wakaja, wakavaa, wakawa wanasubiri bila kusema wanasubiri nini. Walikuwepo na vibarua wapya wa siku ile, na msimamizi amesimama mlangoni kwake.

Haguswi akaingia, mkono umebanwa mbavuni kama kawaida yake. Akainama kuichukua ndoo ya mchanga kwa mkono wa kushoto. Redio akamfikia mbio, akaishika ndoo ile.

“Acha hiyo, mzee,” alisema, na alisema kwa sauti kubwa, wasikie vibarua wapya, asikie na msimamizi. “Utabebaje na mkono huo?”

Haguswi akamtazama usoni kwa muda. Shemeji alikuwa nyuma yao, anavuta kamba ya mkanda wake kuhakikisha imeshika. Haguswi akaiachia ndoo.

“Ahsante,” akasema. “Unaniuma sana kukiwa na baridi.”